Fedha Hurudi kwa Mwenye Karatasi

Tarehe 20 Februari 2026 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha ushuru wa forodha ambao Rais Donald Trump alikuwa ameutwika karibu ulimwengu mzima kwa mwaka mmoja. Majaji 6 walikubali, 3 wakapinga. Hoja ya wengi, iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, ilikuwa fupi ukiivua maneno ya kisheria: sheria ya mamlaka ya dharura ya mwaka 1977 inamruhusu rais kudhibiti uagizaji wa bidhaa pakitokea hatari, lakini haimpi ruhusa ya kutoza kodi. Kutoza kodi ni kazi ya Bunge.

Waliokwenda mahakamani hawakuwa matajiri wa kutisha. Mmoja ni kampuni ya familia kutoka Illinois inayouza vifaa vya kuchezea vya kufundishia watoto, Learning Resources. Mwingine ni V.O.S. Selections, mwagizaji wa mvinyo wa New York. Wakubwa walikuja nyuma. Mwishoni mwa Novemba 2025 Costco, duka lenye wateja mamilioni, nalo lilifungua shauri kujiwekea nafasi kwenye foleni ya marejesho, kwa kuwa lilikwisha kunusa upepo unakoelekea.

Siku ile ya hukumu vyombo vya habari viliuliza nani kashinda, rais au Bunge. Mimi nilibaki na swali ambalo hukumu yenyewe haikuligusa. Serikali ilikuwa imekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni 100 kwa ushuru huo, kutoka kwa waagizaji zaidi ya 300,000. Fedha hizo sasa ni za nani? Jaji Brett Kavanaugh, mmoja wa wale 3 waliopinga, aliwaumbua wenzake kwa jambo hilohilo: mmefuta ushuru, lakini hamkusema kama fedha zirudishwe wala zirudishwe vipi.

Sheria ya forodha ina jibu lake, na ni la zamani. Anayerudishiwa ni yule aliyelipa forodha. Linasikika kuwa la haki mpaka uanze kumtafuta huyo aliyelipa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kontena linapofika Los Angeles au Newark, wakala wa forodha hupeleka tamko la mzigo kwa niaba ya mtu mmoja anayetambuliwa na sheria kuwa ndiye mwagizaji. Jina lake ndilo lililoko kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyeweka dhamana, na yeye ndiye anayelipa makadirio ya ushuru ili mzigo utoke. Hesabu ya mwisho hufungwa baadaye, kwa kawaida baada ya siku 314 hivi, na ikishafungwa anazo siku 180 za kuweka pingamizi. Kwa hiyo mwagizaji ana mwaka mzima na zaidi wa kugombana na forodha juu ya shilingi ambayo tayari ameitoa mfukoni.

Katika mwaka huo mzigo haukai ukimsubiri. Unauzwa. Viatu vinavaliwa, mvinyo unanyweka, midoli inavunjika. Na bei ambayo viatu viliuzwa kwayo ilikuwa na ushuru ndani yake, wote au sehemu. Mnunuzi wa dukani hakuona mstari wa ushuru kwenye risiti yake. Aliona bei tu, akaguna, akalipa.

Ni kiasi gani hasa humfikia yeye? Hapa hatuhitaji kukisia, kwa sababu Trump alikwisha kutupa somo katika muhula wake wa kwanza. Februari 2018, baada ya kampuni ya Whirlpool kulalamika kwamba Samsung na LG wanaiua kwa bei za chini, Marekani iliweka ushuru kwenye mashine za kufulia nguo kutoka nje: asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza za mwaka, asilimia 50 kwa zitakazozidi hapo. Wachumi watatu, Aaron Flaaen, Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot, walizifuata bei za madukani. Mashine ya kufulia ilipanda kwa takriban asilimia 12, yaani dola 86 hivi kwa kila moja. Hilo lilitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni mashine za kukaushia nguo. Hizo hazikuwekewa ushuru hata senti moja, lakini nazo zilipanda, kwa dola 92. Wamarekani hununua mbili hizo kwa pamoja, na wenye maduka waliona ni rahisi zaidi kuugawa mzigo kwenye jozi. Whirlpool nayo, ambayo mashine zake zinatengenezwa hapohapo nyumbani na hazikupita forodha yoyote, ilipandisha bei. Mshindani wake amepandisha, yeye abaki chini kwa kumwogopa nani?

Sasa tazama hesabu ya jumla, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja hii yote. Wachumi hao walikadiria kwamba wanunuzi wa Marekani walilipa zaidi kwa dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Na Hazina ilikusanya kiasi gani kwa ushuru huo? Dola milioni 82. Mnunuzi alitoa zaidi ya dola 18 kwa kila dola 1 iliyofika serikalini. Zilizobaki zilikwenda kwa viwanda na maduka yaliyopandisha bei kwenye kivuli cha ushuru.

Ushuru wa mashine za kufulia haukubatilishwa na mahakama. Ulikaa miaka 5 ukaisha kwa muda wake. Lakini jaalia ungebatilishwa na serikali ikaamriwa irudishe kila kitu pamoja na riba. Ingerudisha milioni 82, na zingekwenda kwa waagizaji. Mnunuzi wa mashine ya kukaushia asingekuwa na hata mlango wa kubisha, kwa kuwa bidhaa yake haikutozwa ushuru wowote wa kurudishwa.

Tuje karibu na kwetu. Kwa miaka mingi viwanda vya nguo vya Kenya, vile vya maeneo huru ya uzalishaji bidhaa za kuuza nje kama Athi River, vilikuwa vikipeleka suruali na fulana Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Aprili 2025 ukaja ushuru wa dharura wa asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya na za Tanzania pia. Uganda na Kongo zilipandishiwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti. Septemba 30 muda wa AGOA wenyewe ukaisha. Kila fundi wa cherehani Athi River aliijua habari hiyo kabla ya wachumi, kwa sababu oda zilianza kuja na masharti.

Chukua suruali moja ya jinzi. Takwimu hizi ni za mfano, lakini namna hesabu inavyokwenda ndiyo hiyohiyo ya sokoni. Kiwanda kilikuwa kikiuza kwa dola 8. Ushuru wa asilimia 10 ukaingia, senti 80. Mnunuzi wa Marekani akapiga simu: tugawane. Kiwanda, chenye mishahara ya kulipa na ushindani wa Bangladesh na Vietnam mgongoni, kikashusha hadi dola 7.60. Ushuru juu ya hiyo ni senti 76. Kwa hiyo suruali ikamfikia mwagizaji kwa dola 8.36, senti 36 juu ya zamani. Dukani ilikuwa inauzwa dola 30, naye akaipandisha hadi 31, maana akishaamua kubadilisha kibandiko cha bei hawezi kuandika 30.36.

Maumivu yamegawanyika hivi: mfanyakazi wa Athi River na mwajiri wake wamebeba senti 40, mvaaji wa suruali amebeba dola 1. Mwagizaji ametoa senti 36 zaidi na kupata dola 1 zaidi. Hajaumia hata kidogo, ingawa ni kweli alilazimika kutoa fedha mapema na kungoja suruali iuzike.

Kisha mahakama inafuta ushuru. Nani anarudishiwa? Yeye. Tena harudishiwi zile senti 36 zilizoongezeka kwenye gharama yake. Anarudishiwa senti 76 zote, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi ya forodha. Piga hesabu yote upya na utakuta kila suruali imemwachia dola 1.40 juu ya faida aliyokuwa akiipata kabla ya ushuru kuwepo. Kwa suruali 100,000 ni dola 140,000, mbali na riba. Kiwanda kilichoshusha bei hakipo kwenye hesabu hiyo. Senti 40 zake hazikuwahi kuitwa ushuru, ziliitwa punguzo. Na punguzo, ukishalitoa kwa hiari na kulitia saini, hakuna mahakama inayolirudisha.

Siku zile za kungoja hukumu lilizuka hata soko la pembeni. Mashirika ya fedha ya Wall Street yalikuwa yakiwapigia simu waagizaji wenye dhiki na kuwapa senti 20 hadi 30 kwa kila dola ya marejesho wanayoyatarajia. Aliyekuwa hoi akauza. Kwa hiyo sehemu ya fedha zilizotoka mfukoni mwa mama wa Ohio aliyenunua viatu vya shule inamwendea mtu ambaye hakuuza kiatu, hakushona kiatu, wala hakuvaa kiatu. Sheria haina kosa naye. Alinunua karatasi.

Mambo haya si mageni, na Marekani yenyewe iliwahi kuyapitia ikayashughulikia vizuri zaidi kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1933, katikati ya ule mdororo mkubwa, serikali ya Franklin Roosevelt ilitaka kuinua bei za mazao kwa kuwalipa wakulima wapunguze kilimo. Fedha zilitokana na kodi iliyotozwa kwa kiwanda cha kwanza kinachosindika zao: senti 30 kwa kila busheli ya ngano, senti 4.2 kwa kila ratili ya pamba. Haikuwa ushuru wa forodha, lakini ilifanana nao kwa tabia. Mmoja alilipa serikalini, na kila mtu alijua kwamba mzigo ungeteremka hadi kwenye mkate na shati.

Viwanda vya pamba vya Hoosac, vya Massachusetts, vilikuwa vimefilisika. Wafilisi wake walipodaiwa kodi hiyo, zaidi ya dola 81,000, walikataa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 6 Januari 1936 kodi ikabatilishwa, kwa kura zilezile za 6 kwa 3. Wiki moja baadaye mahakama iliamua kesi ya kinu cha mpunga cha Louisiana na kuamuru kwamba kodi zilizokuwa zimewekwa mahakamani zikingoja hukumu warudishiwe wenye vinu. Nchi nzima zilikuwa kama dola milioni 200. Waziri wa Kilimo, Henry Wallace, alipandwa na hasira akasema hadharani kwamba huenda huo ni wizi mkubwa kuliko wote uliowahi kuhalalishwa katika historia ya Marekani. Wenye vinu, kwa maelezo yake, walikwisha kuichukua kodi hiyo kutoka kwa walaji kwa kupandisha bei na kutoka kwa wakulima kwa kushusha bei ya mazao. Sasa wanapewa mara ya pili.

Hasira za mawaziri huwa zinaishia magazetini. Hii haikuishia huko. Mwezi Juni mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya mapato iliyokuwa na meno mawili. La kwanza ni kodi ya asilimia 80 juu ya faida ambayo mtu ameipata kwa kuwahamishia wengine mzigo wa kodi iliyobatilishwa halafu yeye akabaki na fedha. La pili liliwahusu waliokwisha kulipa serikalini na sasa wanadai warudishiwe: hutapata kitu mpaka uthibitishe kwamba mzigo uliubeba wewe mwenyewe.

Utathibitishaje? Hapo ndipo napenda werevu wa watunga sheria wale. Walisema leta vitabu vyako. Tutatazama tofauti kati ya bei uliyonunulia zao na bei uliyouzia bidhaa wakati kodi ipo, tuilinganishe na tofauti hiyo kabla ya kodi kuja na baada ya kodi kuondoka. Kama faida yako kwa kila ratili haikupungua ulipokuwa ukilipa kodi, basi aliyelipa ni mwingine. Kiwanda kimoja cha pamba cha Alabama kilikwenda mahakamani kulalamika kwamba masharti hayo hayatekelezeki, ni njia ya kuwanyima haki yao. Mei 1937 Mahakama ya Juu, ileile iliyokuwa imeifuta kodi, ikasema sharti ni halali. Asiyebeba mzigo hana cha kurudishiwa.

Kasoro ya mpango ule inaonekana upesi. Fedha zilizozuiliwa zisiende kwa wenye vinu zilibaki kwa serikali, na serikali ndiyo iliyozitoza kinyume cha katiba. Mla mkate hakupata kitu. Afadhali kidogo, lakini ni afadhali ya kumnyima mmoja bila kumpa mwingine.

India ilikwenda hatua moja mbele. Kuanzia mwaka 1958 mahakama za huko zilishikilia kwamba kodi iliyotozwa kimakosa lazima irudishwe kwa aliyelipa, bila kuuliza ameipata wapi. Wenye viwanda wakaigeuza kazi. Walilipa ushuru, wakauingiza kwenye bei, wakafungua kesi, wakasubiri miaka, wakashinda, wakazoa. Bunge la India lilifunga mlango huo mwaka 1991 kwa kubadili sheria za ushuru wa viwandani na wa forodha. Tangu hapo sheria inamchukulia kila mlipaji kuwa amekwisha kuuhamisha ushuru kwa mnunuzi, na ni juu yake kuonyesha vinginevyo. Akishindwa, fedha hazibaki serikalini wala haziendi kwake. Zinaingia kwenye Mfuko wa Ustawi wa Walaji.

Kesi kubwa ilikuja, ya kampuni ya Mafatlal, na tarehe 19 Desemba 1996 jopo la majaji 9 liliipa sheria hiyo baraka. Hukumu ya wengi iliandikwa na Jaji B. P. Jeevan Reddy, na kiini chake ni kwamba haki ya kurudishiwa kodi inatokana na hasara, na asiye na hasara anadai nini? Mlaji ndiye aliyeumia. Haiwezekani kumtafuta mnunuzi wa kila sabuni na kila kipande cha kitambaa, basi jamii ipokee kwa niaba yake.

Nimekwisha kusikia wanasheria wakiucheka mfuko ule. Fedha zake zinakwenda kwenye vyama vya kutetea walaji na kampeni za kuelimisha umma, si kwa aliyenunua kitambaa. Ni kweli. Lakini katika njia zote ninazozijua, hii ndiyo pekee inayokiri waziwazi kwamba aliyelipa ushuru ni mtu asiye na karatasi.

Ulaya imechagua kumlinda mfanyabiashara zaidi. Mwaka 1983, katika kesi ya San Giorgio, kampuni ya Italia iliyokuwa ikitozwa ada za ukaguzi wa afya kwa bidhaa za maziwa kutoka nje, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikubali kwamba nchi inaweza kukataa kurudisha fedha zilizokwisha kuhamishiwa kwa mnunuzi. Lakini serikali haiwezi kumlazimisha mfanyabiashara athibitishe kwa nyaraka kwamba hakuhamisha. Mzigo wa ushahidi ukiwa mkubwa kupita kiasi, haki inakuwa ya jina tu. Ni kinyume cha India kabisa. Na kuna upande ambao mahakama hiyo iliusema baadaye, katika kesi ya waagizaji wa Guadeloupe mwaka 1997, nao lazima tuupe haki yake: hata mwagizaji aliyeuhamisha ushuru wote kwenye bei anaweza kuwa ameumia, kwa kuwa bei ikipanda wateja wanapungua. Aliyekuwa akiuza makasha 1,000 anauza 700. Wapo waagizaji wadogo wa Marekani waliokopa kwa riba kubwa ili watoe mizigo bandarini mwaka 2025, wakapoteza oda, wakafunga. Hao wakirudishiwa sitawaonea wivu.

Ushuru uliozaa kesi hiyo ya Guadeloupe una kisa kingine, kilichotokea kwenye bahari yetu wenyewe. Ni ushuru wa bahari unaotozwa tangu enzi za kale kwenye visiwa vya Ufaransa, Réunion kikiwemo. Julai 1992 wakazi wa Réunion waliotozwa ushuru huo kwa magari waliyoyaingiza walishinda. Mahakama ikatamka kwamba ulikuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya ya Ulaya. Kisha ikaongeza kwamba kwa ajili ya utulivu, hakuna atakayedai ushuru uliolipwa kabla ya siku ya hukumu isipokuwa aliyekwisha kufungua madai. Wengine wote walikuwa wamechanga bure, kihalali.

Nani basi anayejaza pengo Hazina inaporudisha mabilioni? Serikali ya Marekani haina shamba. Kila dola ya marejesho, na riba yake ambayo sheria inaitaka, inatoka kwenye kodi au kwenye mkopo ambao kodi itaulipa. Mlipa kodi huyo ni nani? Ni yuleyule mnunuzi wa suruali. Alilipa ushuru mara ya kwanza dukani, ndani ya bei. Sasa anaulipa mara ya pili kwa kumrudishia mwagizaji. Mahakama imemshindia kesi na kumwongezea deni kwa hukumu ileile.

Ndugu zetu walioko Marekani wamo humu kwa njia yao. Hadi Agosti 2025 kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia bila ushuru: vitenge kutoka kwa dada, viatu vya ngozi vya Lamu, nguo ya harusi iliyoshonwa Dar es Salaam. Tarehe 29 Agosti msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote. Kampuni ya vifurushi ikawa inalipa ushuru forodha kwa jina lake, kisha inamtumia mpokeaji ankara yenye ushuru na juu yake ada ya kushughulikia. Kisheria aliyelipa forodha ni kampuni. Mpokeaji anabaki kutegemea uungwana wake, na hata ikimrudishia ushuru, ile ada ya kushughulikia ni malipo ya huduma. Huduma ya kumkusanyia ushuru haramu, lakini ni huduma.

Huku kwetu tusijidanganye kwamba tumepona. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakubali ushuru uliolipwa kimakosa urudishwe, na inampa mdai miezi 12. Lakini nenda Kariakoo uulize kontena lililoshuka jana ni la nani. Utakuta ni la watu 30. Mmoja ana mabegi, mwingine vyombo vya jikoni, mwingine pochi na mikanda, na wote wamechanga nafasi kwa msafirishaji mmoja anayejua Guangzhou na anayejua bandari. Kila mmoja alimlipa kwa ujazo, bei moja ya jumla yenye nauli, ushuru na kila kitu ndani. Jina kwenye tamko la forodha ni la msafirishaji. Ikitokea kesho mahakama ikafuta ushuru wa pochi, mwenye pochi hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kulipa ushuru maishani mwake. Na mnunuzi wake wa Singida ndiyo kabisa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mahakama kufuta ushuru haramu ni jambo jema, na waagizaji wa Illinois na New York walifanya kazi ambayo Bunge lao liliikwepa. Lakini kurudisha fedha bila kuuliza aliyebeba mzigo ni zawadi kwa wachache inayolipiwa na wengi. Njia ya mwaka 1936 ya kufungua vitabu na kulinganisha faida inawezekana; ilifanyika enzi za karatasi na kalamu za wino, itashindikana vipi leo? Na kinachobaki kiende kwenye mfuko kama wa India.

Sina matumaini kwamba Washington itafanya hivyo. Siku ileile ya hukumu Trump alitangaza ushuru mpya wa asilimia 10 kwa sheria nyingine, ya mwaka 1974, inayomruhusu kufika hadi asilimia 15 kwa siku zisizozidi 150. Kwa suruali ya Athi River ilikuwa asilimia 10 ikitoka kwa mlango mmoja na asilimia 10 ikiingia kwa mwingine. Nao ukibatilishwa na mahakama, fedha zitafuata njia ileile.

Hivyo ninyi wenye viwanda, na ninyi wenye mizigo ya kuchangia, msingoje majaji wawakumbuke. Mnunuzi akiomba mgawane ushuru, mkubalieni kwa maandishi, na punguzo hilo liitwe kwa jina lake: sehemu ya ushuru. Ongezeni kifungu kimoja kwamba ushuru ukirudishwa kwa sababu yoyote, mgawanyo wa marejesho utakuwa uleule wa mzigo. Msafirishaji wa Kariakoo naye aandike kwenye risiti yake kiasi cha ushuru kando na nauli. Ni mistari miwili mitatu, haina gharama, na wakili yeyote wa mjini anaweza kuiandika kwa mchana mmoja. Iwekeni kwenye mkataba kabla ya kukata kitambaa cha oda inayofuata.